Mwalimu wa elimu maalumu Mbulu na Hanang anaandaliwa kwa ajili ya mtoto yupi?

Kila andalio la somo la shule ya msingi lina sehemu mbili za mwisho ambazo mwalimu huzijaza baada ya kipindi: tathmini na maoni. Juu ya karatasi hiyo kuna jedwali la idadi ya wanafunzi, waliosajiliwa na waliohudhuria, wavulana na wasichana. Mara nyingi sehemu zile za chini hujazwa kwa sentensi ileile tangu Januari hadi Novemba: wanafunzi wengi wameelewa somo. Wachache ambao hawakuelewa hawatajwi. Walikwama wapi, na je, ndio walewale wa wiki iliyopita au ni wengine? Karatasi haina jibu. Naanzia kwa hao wachache kwa sababu, kwa maoni yangu, swali zima la kumwandaa mwalimu wa elimu maalumu katika wilaya za Mbulu na Hanang mkoani Manyara linawahusu wao.

Tumezoea kulijadili jambo hili kwa lugha ya upungufu. Walimu hawatoshi, mashine za nukta nundu hazitoshi, fedha hazitoshi. Upungufu huo ni wa kweli. Ila hata ukiisha kesho asubuhi, tatizo moja litabaki palepale. Mwalimu wetu anaandaliwa kumpokea mtoto ambaye ulemavu wake umeshajulikana na kupewa jina. Huku Mbulu na Hanang, sehemu kubwa ya kazi ni kumtafuta mtoto ambaye hajajulikana, na mara nyingine kumwokoa yule aliyepewa jina lisilo lake.

Namna tunavyowaandaa walimu ina historia yake. Elimu maalumu nchini ilianza mwaka 1950, Kanisa Anglikana lilipofungua shule ya wasioona Buigiri, Dodoma. Mwaka 1963 Kanisa Katoliki likaanzisha shule ya viziwi Tabora. Mfumo ulikuwa wa bweni: mtoto anachukuliwa kwao, anapelekwa mbali, anakaa na wenzake wenye hali kama yake. Baadaye vikaja vitengo ndani ya shule za kawaida. Hata hivyo mafunzo ya mwalimu yalibaki na sura ya bweni. Katika Chuo cha Ualimu Patandi, mkoani Arusha, mwanachuo husomea eneo lake: wasioona, viziwi au ulemavu wa akili. Vyuo vikuu, kikiwamo cha Dodoma, vimeongeza shahada za fani hiyo, na Lushoto kilianzishwa chuo kikuu cha Kilutheri kilichoiweka elimu maalumu katikati ya kazi yake, kikapewa jina la Askofu Sebastian Kolowa.

Sibezi ubobezi huo. Nukta nundu haisomwi kwa semina ya siku tatu, na Lugha ya Alama inahitaji miaka. Dongobesh, wilayani Mbulu, kuna shule ya msingi ya viziwi, na mwalimu aliyefundwa vizuri kwa ajili ya viziwi ana pa kuweka ujuzi wake wote pale. Lakini mtoto kiziwi hafiki Dongobesh mpaka mtu fulani, kwenye shule fulani ya kijijini au nyumbani kwao, atambue kwamba hasikii. Mtu huyo ni nani, na amefundishwa wapi?

Hapo ndipo mazingira ya wilaya hizi mbili yanapodai mwalimu wa aina yake. Ni sehemu chache sana Afrika ambako makundi manne ya lugha za asili yasiyohusiana yanaishi jirani namna hii. Wairaqw wanasema Kiiraqw, lugha ya Kikushi. Wadatoga, hasa Wabarbaig wa Hanang, wana Kidatoga, ambacho ni cha Kinailoti. Kuna Wanyaturu na Wanyiramba wenye lugha za Kibantu. Na katika bonde la Yaeda kuna Wahadzabe, ambao lugha yao yenye sauti za kidoko haina undugu uliothibitishwa na lugha nyingine yoyote duniani. Kwa Mbantu kutoka Kagera au Mbeya, Kiswahili cha shuleni ni binamu wa lugha ya mama yake. Kwa mtoto wa Kiiraqw au wa Kidatoga, Kiswahili ni mgeni kabisa: sauti zake, ngeli zake, hata mpangilio wa sentensi.

Chukua mtoto wa miaka saba anayetoka kwenye boma la Wabarbaig karibu na ziwa Balangida. Kiswahili amekisikia mnadani na redioni. Mwalimu aliyepangiwa kazi hapo miezi miwili iliyopita anamwambia achore duara, naye anatazama chini. Anaulizwa jina la kaka yake, ananyamaza. Muhula unaisha, upimaji wa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, unakuja, hasomi wala haandiki. Katika ofisi ya walimu ameshapata sifa: mzito. Kwa mwalimu aliyesomea ulemavu wa akili, dalili zote ziko mezani. Kwa aliyesomea viziwi, dalili ni zilezile, ila atazisoma kwa namna yake. Na huenda mtoto hana lolote kati ya hayo, anasubiri tu mtu amwambie jambo kwa lugha anayoielewa.

Njia ya kutofautisha ipo, na haigharimu fedha nyingi. Mwalimu anakwenda nyumbani, au anamwita bibi wa mtoto na kijana wa darasa la saba wa kutafsiri. Anauliza mambo ya kawaida. Ukimwita kwa Kidatoga akiwa amekupa mgongo, anageuka? Ukimtuma vitu viwili kwa pamoja, analeta vyote? Anachunga ndama? Jioni akirudi, akiwa amepoteza mmoja, anajua ni yupi? Mtoto anayeweza kutazama ndama 15 na kusema mwenye baka jeupe hayupo, ana kumbukumbu, ana uwezo wa kupambanua, ana hesabu ya aina yake. Tatizo lake ni lugha ya darasani. Lakini kama hata nyumbani hageuki akiitwa kwa nyuma, na bibi anasema masikio yake yalikuwa yakitoa usaha tangu ananyonya, hapo mwalimu amepata jambo jingine kabisa, na njia inayofuata inaelekea zahanati kwanza.

Kosa la upande wa pili ndilo linaloniumiza zaidi. Mtoto kiziwi katika shule ya namna hii anaweza kukaa miaka miwili au mitatu akihesabiwa kuwa hajui Kiswahili tu, kwa kuwa wenzake wengi nao hawakijui. Watu wanasubiri kizoeleke. Wakati wanasubiri, miaka ambayo ubongo wa mtoto unajifunza lugha kwa urahisi inapita, na Lugha ya Alama ambayo angeipata mapema anaipata akiwa na miaka kumi. Hasara hiyo hailipiki kikamilifu baadaye, hata akimpata mwalimu hodari kuliko wote waliowahi kutoka Patandi.

Sasa tuje kwenye utafiti, na hapa Mbulu ina jambo ambalo wilaya nyingi za nchi hii hazina. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom ilifunguliwa mwaka 1955 na wamisionari kutoka Norway, na vijiji vinavyoizunguka vimekuwa kati ya vijiji vilivyofanyiwa utafiti mwingi zaidi wa afya ya watoto na ya ubongo katika Tanzania ya vijijini. Daktari wa mishipa ya fahamu Andrea Winkler na wenzake walizunguka nyumba kwa nyumba wakitafuta wenye kifafa. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2009, kiwango kilikuwa karibu watu 9 katika kila 1,000. Walionyesha pia kwamba baadhi ya wagonjwa wa eneo hilo walikuwa na vifuko vya tegu wa nguruwe ndani ya ubongo. Kwa upande wa mifugo, Helena Ngowi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo alikuwa akichunguza ugonjwa huohuo katika nguruwe wa Mbulu, na akajaribu kuona kama elimu ya afya vijijini inaweza kuupunguza. Mzunguko wenyewe unaeleweka hata na mtoto wa darasa la nne: mwenye tegu anajisaidia porini, nguruwe anakula kinyesi, binadamu naye anaweza kumeza mayai ya tegu kwa mikono au maji machafu. Mayai yakianguliwa na mabuu yake yakatulia kwenye ubongo, degedege linaweza kuja miaka mingi baadaye.

Hilo lina maana gani darasani? Si kila kifafa kinamwangusha mtu na kumtoa povu. Kuna kile cha kupotea: mtoto anatazama mbele, macho hayapepesi, sekunde kadhaa zinapita, kisha anarudi bila kujua kwamba ameondoka. Ikitokea mara nyingi kwa siku, kila sentensi ya mwalimu inamfikia ikiwa na pengo katikati. Mwalimu asiyejua humkemea kwa kuota mchana. Na aliyekwisha kuanza dawa naye ana shida yake, kwa sababu fenobabitali, ambayo ndiyo dawa ya bei nafuu inayopatikana vijijini, inaweza kumfanya mtoto asinzie au kinyume chake awe hatulii. Kliniki humwona mtoto dakika chache kwa mwezi. Mwalimu yuko naye saa nyingi kila siku. Daftari la mwalimu linaloonyesha kwamba mtoto husinzia saa tatu asubuhi na kuchangamka baada ya saa sita ni taarifa ya tiba ambayo daktari hawezi kuipata kwa njia nyingine. Mwalimu anayejua hivyo anakuwa mshirika wa hospitali.

Kuanzia mwaka 2009 Haydom ilikuwa pia kituo kimoja kati ya vinane duniani vya utafiti wa MAL-ED, uliofuatilia watoto tangu kuzaliwa: kuhara kwao, chakula chao, kimo chao na ukuaji wa akili zao. Kiwango cha udumavu kilichopatikana Haydom kilikuwa miongoni mwa vya juu. Ukafuata hapohapo utafiti wa ELICIT, ambao uliwashirikisha watoto zaidi ya 1,100 na kujaribu dawa za kuua vimelea na vitamini ya kundi B ili kuona kama wangekua vizuri zaidi. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2021, yalikuwa kwamba dawa hizo hazikuongeza kimo chao. Habari hiyo inastahili kumfikia kila mwalimu mkuu wa wilaya hizi. Inamwambia kwamba udumavu hauna kidonge, kwamba mtoto aliyedumaa atafika darasani akiwa na mwili mdogo kuliko umri wake na huenda akahitaji muda mrefu zaidi wa kushika jambo, na kwamba kazi ya kumsaidia sasa iko kwenye uji wa shule na kwenye ufundishaji.

Matokeo haya yote yalichapishwa kwa Kiingereza kwenye majarida ya tiba. Mwalimu wa darasa la pili hayasomi majarida hayo, na hakuna anayetegemea ayasome. Lakini mwanachuo anayesomea elimu maalumu, akiwa umbali wa safari ya siku moja tu kutoka Haydom, ana haki ya kukutana nayo akiwa bado chuoni, kwa Kiswahili, mbele ya mkufunzi anayeweza kumwambia nini cha kufanya nayo.

Na sisi si wageni wa utafiti unaofanywa pamoja na wanakijiji. Miaka ya 1970 Marja-Liisa Swantz na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa kati ya waasisi wa utafiti shirikishi, na mradi wa Jipemoyo katika wilaya ya Bagamoyo, ulioanza 1975 na kuwaunganisha watafiti wa Tanzania na Ufini, ulisisitiza kwamba wanaochunguzwa nao ni wachunguzi. Wazo hilo lilizaliwa hapa, likasafiri, likarudi limevaa majina ya kigeni. Kulipeleka kwenye mafunzo ya ualimu ni kulirudisha nyumbani tu.

Namna ya kufanya naiona hivi. Mazoezi ya kufundisha yalivyo leo humfanya mwanachuo aandae somo kwa ajili ya mkufunzi atakayekuja kumkagua. Anavaa vizuri, zana zinapangwa, darasa linajibu kwa pamoja. Badala ya kumpima kwa masomo ya kuonyesha peke yake, apewe mtoto mmoja wa kumfuatilia tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Aende kwao. Ajue wanasema lugha gani, mtoto alizaliwaje, amewahi kuugua nini, anafanya kazi gani akiwa nyumbani. Aandike kila siku alichojaribu na kilichotokea. Mwishoni asome taarifa hiyo mbele ya walimu wa shule aliyokaa, siyo kuifunga kwenye jalada na kuipeleka chuoni. Mwanachuo aliyemfuatilia mtoto mmoja kwa bidii hiyo atawaona watoto wengine kwa jicho jingine maisha yake yote ya kazi.

Hiyo ndiyo maana yenyewe ya mwalimu kutafakari kazi yake. Donald Schön wa Marekani aliandika mwaka 1983 kuhusu mtaalamu anayefikiri huku akitenda, na vyuo vyetu vinamtaja. Hatari yake ni kwamba tafakuri ikibaki peke yake hugeuka kujieleza: nilijisikia vibaya, nitajitahidi zaidi. Mwalimu wa Hanang anahitaji tafakuri yenye ushahidi. Jumatatu nilimweka mbele, akajibu mawili kati ya matano. Jumatano nilisema polepole nikiwa nimemgeukia, akajibu manne. Kwa hiyo huenda anasoma midomo yangu. Hapo ana dhana, na kesho ataijaribu kwa kufunika mdomo kwa daftari. Sentensi hizo zingetosha kabisa kwenye ile nafasi ya maoni chini ya andalio la somo.

Serikali imeshaweka chombo ambacho kingefaa. Utaratibu wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA, unawataka walimu wakutane katika jumuiya za ujifunzaji shuleni mwao kujadili changamoto za ufundishaji. Kwa mwalimu wa kitengo cha elimu maalumu, tatizo ni kwamba mara nyingi yuko peke yake. Jumuiya ikijadili sehemu katika hisabati, yeye ana mtoto mwenye usonji anayepiga kichwa ukutani. Ingefaa walimu wa elimu maalumu na walimu wa madarasa ya awali wa kata kadhaa wakutane mara moja kwa mwezi, na mhudumu wa afya wa jamii awepo. Nawataja walimu wa awali makusudi. Wao ndio wa kwanza kuwaona watoto wote, na mafunzo ya elimu maalumu yasiyowagusa yanachelewa tangu mwanzo.

Upande wa sera sitakaa sana, kwa kuwa maandishi yapo na ni mazuri. Kuna sera ya watu wenye ulemavu ya 2004, mkataba wa Umoja wa Mataifa ambao Tanzania iliuridhia 2009, Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inayotaka mtoto mwenye ulemavu asome shule za kawaida isipokuwa pale mahitaji maalumu ya mawasiliano yanapodai vinginevyo, na mikakati ya elimu jumuishi iliyofuatana tangu 2009. Kasoro ninazoziona ni mbili.

Ya kwanza ni kwamba anayemfundisha mwalimu siye anayempangia kazi. Chuo kiko chini ya Wizara ya Elimu, shule iko chini ya halmashauri na TAMISEMI. Matokeo yake yanajulikana kwa kila aliyekaa karibu na shule: mwalimu aliyesomea viziwi anapangiwa shule isiyo na kiziwi hata mmoja, anafundisha uraia na maarifa ya jamii, na baada ya miaka mitano Lugha ya Alama yote imemtoka. Ujuzi ulionunuliwa kwa fedha za umma unaozea njiani, na mwalimu mwenyewe anavunjika moyo.

Ya pili ni ya takwimu. Utafiti wa kitaifa wa ulemavu wa 2008 ulipata kwamba asilimia 7.8 ya watu wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana ulemavu. Sensa ya 2012 ikapata 9.3, ya 2022 ikapata 11.2. Sidhani kwamba ulemavu umeongezeka kiasi hicho. Namba inabadilika pia kwa namna swali linavyoulizwa na kwa uwazi wa familia kujibu. Shule nayo huhesabu wale tu waliobainishwa, na mgao wa walimu na vifaa unafuata hesabu hiyo. Kijiji ambacho hakuna anayejua kutambua kinaonekana kwenye karatasi kama kijiji kisicho na watoto wenye mahitaji maalumu, hivyo hakipewi mwalimu wa kuwatambua. Duara hilo ndilo linalozinyima haki wilaya kama hizi zaidi ya uhaba wa bajeti.

Kenya walilikata duara hilo kwa kuanzia mahali tofauti. Mwaka 1984, kwa msaada wa Denmark, walianzisha huduma za upimaji na nyenzo za elimu katika wilaya, zilizoendeshwa na walimu wenyewe, na miaka miwili baadaye ikaja taasisi yao ya elimu maalumu, KISE, Nairobi. Huduma ile ina matatizo yake hadi leo, ya usafiri hasa, lakini mpangilio wake unafundisha: watoto walianza kutafutwa, ndipo chuo kikajua kinaandaa walimu kwa ajili ya nani.

Halmashauri za Mji wa Mbulu, Wilaya ya Mbulu na Wilaya ya Hanang zinaweza kuanza bila kusubiri waraka mpya. Zina maafisa elimu maalumu, zina hospitali ya Haydom, zina shule ya Dongobesh, zina wazee wanaojua lugha za huku. Zikae na Patandi, zikubali kupokea wanachuo wa mazoezi kwa muhula mzima, kila mmoja akiwa na mtoto wake wa kumfuatilia. Ziiombe Haydom itoe muhtasari wa Kiswahili wa kurasa chache wa yale iliyoyapata kwa watoto wa vijiji hivi. Zihakikishe mwalimu aliyesomea viziwi yuko na viziwi. Na ninyi wazazi wa Katesh, Bassotu, Yaeda na Dongobesh, mwalimu akija kuuliza mtoto anafanya nini nyumbani, mwambieni yote, hata yale mliyodhani ni aibu. Msimfiche mtoto, maana mwalimu hawezi kumfundisha asiyemjua.